Kubadilisha shokapu za mbele za Corolla NZE ukiwa nyumbani

Kazi hii ina sehemu mbili, na hatari zake hazilingani hata kidogo. Sehemu ya kwanza ni kufungua na kufunga nati. Inachosha na inachafua, lakini mtu mwenye jeki nzuri, stendi na seti ya boksi (soketi za kufungulia nati) anaiweza. Sehemu ya pili ni kutoa springi kwenye shokapu kuukuu na kuipachika kwenye mpya. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu, na ikifyatuka inavunja taya.

Nitaeleza zote mbili, ila msimamo wangu ni huu: kama huna kibana springi cha kuaminika, fungua miguu yote miwili nyumbani, ipeleke gereji yenye mashine wakuhamishie springi, kisha rudi ufunge mwenyewe. (Nikisema mguu, namaanisha shokapu ikiwa na springi yake na mauntingi juu, yaani kile kikalio kinachofungwa kwenye bodi.) Fundi utamlipa kwa kazi fupi tu ya mezani, na miguu miwili bodaboda inaibeba.

Maelezo haya ni ya Corolla NZE121. Fielder, Runx, Allex na Spacio ya umbo la pili ni ndugu zake wa tumbo moja, na utaratibu ni huu huu. Zilianza kuuzwa Japani kati ya mwaka 2000 na 2001, kwa hiyo zilizoko barabarani kwetu ni za umri mkubwa, na nyingi bado zinatembelea mipira na beringi zilizotoka nazo kiwandani.

Kwanza hakikisha ni shokapu kweli

Gari likitoa mlio wa kugonga upande wa mbele, jibu la haraka la vijiweni ni kwamba shokapu zimekufa. Mara nyingi siyo. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kushtuliwa, hivyo shokapu iliyokufa kwa kawaida haigongi, bali inaliacha gari likinesa. Ukipita tuta na pua ya gari ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, hapo una kesi. Ukikanyaga breki na pua ikazama kupita kiasi, au ukipita kwenye rasta (vituta vidogo vya mfululizo) kwa mwendo na usukani ukaanza kuelea, hiyo nayo ni dalili. Pitisha kiganja juu ya tairi la mbele pia. Ukisikia mabonde mabonde kuzunguka tairi zima, gurudumu limekuwa likirukaruka badala ya kukaa chini.

Sauti zina wenyewe. Mlio mwepesi wa kugonga haraka haraka, ko-ko-ko, kwenye barabara ya changarawe kwa mwendo mdogo, huwa ni linki za stebilaiza, vile vijiti vinavyounganisha shokapu na stebilaiza, chuma kinachoenda toka upande wa kushoto hadi wa kulia. Linki ni rahisi kuliko shokapu na kuzibadilisha ni kazi ndogo, kwa hiyo anzia hapo. Kishindo kizito kimoja gurudumu linapoingia shimoni kinaelekeza kwenye mpira wa mauntingi au bushi (mipira) za mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu kwa chini. Ukigeuza usukani gari likiwa limesimama na ukasikia springi inaruka kwa mlio wa chuma, beringi ya mauntingi imeganda. Kuithibitisha, mtu ageuze usukani huku wewe umeegemeza kiganja ubavuni mwa springi, si vidole katikati ya mizunguko yake. Utahisi inajikaza, halafu inaachia ghafla.

Halafu chungulia nyuma ya gurudumu kwa tochi. Unyevu kidogo wa mafuta pale fimbo ya shokapu inapoingia mwilini mwake si msiba. Mafuta yaliyotiririka mpaka chini na kushika vumbi likawa tope ni kifo. Lile jaribio la kubonyeza pembe ya boneti na kuachia linafaa, lakini linakamata tu shokapu iliyokwisha kabisa. Iliyochoka nusu italipita bila shida.

Jambo moja la kuangalia kabla hujanunua chochote: je, kuna mtu aliwahi kupachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi ili gari lipande? Ni mtindo ulioenea sana mijini. Kama vipo, springi zenyewe huenda zimelala, na shokapu mpya peke yake haitalinyanyua gari. Tena mipira hiyo lazima itoke kabla ya kubana springi, maana inazuia mizunguko isikaribiane.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi, siyo na jina la gari tu. NZE121 inavuta magurudumu mawili na NZE124 inavuta manne, na muuzaji mwenye haraka atakupa anachokiona karibu. Shokapu ya kushoto na ya kulia hazifanani: sikio la hozi ya breki na sikio la linki yanaelekea pande tofauti. Nunua zote mbili. Kubadilisha upande mmoja kunaliacha gari likiegemea upande dhaifu kila linaposhika breki au kukata kona.

Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaonyeshwa pia miguu kamili ya mtumba iliyotolewa kwenye magari ya Japani. Kinachovutia ni kwamba inakuja na springi na mauntingi, kwa hiyo hubani springi kabisa. Ila ujue unanunua nini. Mafuta na sili za ndani zina umri sawa na wa gari lako, na shokapu ikiwa bado ndani ya springi huwezi kuipima kwa mkono, kwa sababu springi ndiyo inayoishikilia. Kilichobaki ni macho. Sukuma dasti kava (mfuko unaokinga fimbo na vumbi) juu, utazame fimbo. Iwe inang'aa, bila mikwaruzo wala vidoa vya kutu, na isiwe na mafuta. Mguu uliooshwa ukameremeta kuliko wenzake pale dukani mimi huuruka, kwa sababu mafuta yaliyokuwa yakivuja yameshaoshwa pamoja na tope.

Shokapu mpya unaweza kuipima hapo hapo kaunta. Isimamishe wima, sukuma fimbo mpaka mwisho. Isukumike kwa ukinzani ulio sawa njia nzima, bila sehemu yoyote inayodidimia bure. Ikiwa ni ya gesi, fimbo itapanda yenyewe polepole ukiiachia. Pima zote mbili. Moja ikipanda na nyingine ikibaki chini, rudisha. KYB ni jina la Kijapani linaloaminika, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo linaloigizwa, kwa hiyo linganisha namba iliyo kwenye boksi na iliyo mwilini mwa shokapu. Zisipolingana, ondoka.

Ukiwa hapo chukua pia mauntingi mbili na beringi zake, dasti kava mbili pamoja na bampa zake (ile mipira inayovaa fimbo kuzuia shokapu isigonge mwisho), nati mpya za katikati kama hazimo kwenye boksi, na linki mbili. Linki nazinunua hata kama zilizopo hazigongi, maana nati zake zikiganda utaishia kuzikata. Ukibana pesa kwenye mauntingi utajuta. Kazi ya kuifikia mauntingi ni ile ile ya kuifikia shokapu, na hutapenda kuirudia baada ya miezi mitatu.

Vifaa na mahali

Boksi za 12, 14, 17, 19, 21 na 22 pamoja na spana zake, mpini mrefu usio na racheti, na kipande cha bomba la chuma cha kuurefusha. Alenki ya 6 (ufunguo wa pembe sita) kwa ajili ya linki. Nyundo, brashi ya waya, waya laini wa kufungia, tipeksi ya kuweka alama, na mafuta ya kulegeza kutu kama WD-40. Jeki yenye magurudumu yake, inayosukumwa chini ya gari, ni bora kuliko ile ya buti. Stendi mbili ni lazima. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni nzuri kuwa nayo, na nitakuonyesha chini njia ya kupima bila hiyo.

Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja lina chumvi kwenye kila uzi wa bolti. Usiku wa kuamkia kazi, piga brashi ya waya kwenye nati za chini za shokapu na za linki, nyunyizia mafuta ya kutu, na uyarudie asubuhi.

Uwanja uwe mgumu na ulio sawa. Kama una mchanga, kama nyua nyingi za Pwani, tandika mbao nene na pana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tofali la saruji usiliweke chini ya gari kwa hali yoyote: halitoi dalili, linapasuka mara moja. Weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, na gia iwe P.

Kufungua

1. Gari likiwa bado chini, legeza nati za magurudumu ya mbele nusu mzunguko. Fungua boneti, toa kifuniko cha juu ya mauntingi, na uilegeze nati ya katikati robo mzunguko tu, isizidi hapo. Unaivunja ubishi sasa, uzito wa gari ukiwa unaushikilia mguu, ili isikusumbue mezani. Kama unapeleka miguu gereji, iache kama ilivyo.

2. Inua gari kwa jeki, weka stendi chini ya ukingo wa bodi nyuma ya gurudumu la mbele, pale kwenye vijikato viwili vilivyowekwa na kiwanda. Fanya hivyo pande zote mbili. Stebilaiza inaunganisha kushoto na kulia, na magurudumu yote mawili yakining'inia haitavutana nawe. Litikise gari kwa nguvu kabla hujaingiza mkono. Likicheza juu ya stendi, lishushe uanze upya. Gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya kizingiti cha mlango. Likitokea la kutokea, gari litaangukia tairi, siyo wewe.

3. Kama unahamisha springi mwenyewe, fanya upande mmoja, uumalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao haujaguswa ndio kitabu chako cha kutazamia kila kitu kinavyokaa. Piga na picha za simu.

4. Fungua bolti ya sikio linaloshika hozi ya breki kwenye shokapu, na waya wa ABS kama upo. Kalipa, ile inayobana diski ya breki, usiiguse. Hozi haifunguliwi mahali panapopita mafuta ya breki, inaachiwa tu sikio lake, kwa hiyo breki hazihitaji kutolewa upepo baadaye.

5. Nati ya linki: ingiza alenki kwenye ncha ya uzi ili kichwa kisizunguke, na ugeuze nati kwa spana ya 17. Tundu la alenki likiwa limejaa kutu, lichokonoe kwa msumari kwanza. Likilika, kamata nyuma ya mpira kwa plaizi ya kujifunga. Ikikataa kabisa, kata. Ndiyo maana tulinunua linki.

6. Sasa bolti mbili kubwa zinazofunga shokapu kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu na breki. Kwanza chora kwa tipeksi mstari unaozunguka vichwa vya bolti na unaoonyesha shokapu inavyokaa juu ya nako. Matundu yana nafasi ndogo ya kucheza, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wima au lilale. Shika kichwa cha bolti kwa spana, geuza nati, usigeuze bolti. Nati ikitoka, irudishe mizunguko michache tu mwishoni mwa uzi na ugonge juu yake, ili nyundo isiharibu uzi.

7. Kabla hujachomoa bolti ya mwisho, tegemeza mkono wa chini kwa jeki, au funga nako kwa waya kwenye springi ya upande huo na baadaye kwenye bodi. Nako ikiachwa iangukie nje inavuta hozi ya breki, na inaweza kuichomoa shafti ya gurudumu kwenye kiungo chake cha ndani, upande wa gia boksi. Hiyo ni kazi nyingine ya siku nzima ambayo hukuipanga.

8. Juu, chini ya boneti, kuna nati tatu ndogo kuzunguka mauntingi. Fungua mbili. Ya tatu ifungue mkono mmoja ukiwa umeshika springi kwa chini, maana mguu ni mzito na utashuka wote mara moja. Nati ya katikati haiguswi hapa. Nairudia kwa makusudi: nati tatu za pembeni zinautoa mguu kwenye gari, ile ya katikati inaiachia springi. Mtu akizichanganya, mwili wa gari ndio utakaokuwa umezuia springi isimrukie, na hapo amebahatika.

Springi

Kibana springi cha nyumbani kwa kawaida ni jozi ya skrubu ndefu zenye ndoano. Ndoano ziwe na vizuizi vya kufunga springi isichomoke. Zisizo navyo sizitumii. Paka grisi nyuzi za skrubu. Toa ile mipira ya katikati ya mizunguko kama ipo.

Kabla ya kubana, weka alama kwa tipeksi: springi inaanzia wapi kwenye kikombe cha chini (kisahani kinachoibeba), na kikombe cha juu kimeelekea wapi. Kwenye kikombe cha juu cha Toyota hizi kuna alama inayopaswa kutazama nje ya gari, na ikikosea utaupata mguu unaogoma kuingia kwenye matundu yake matatu, au springi inayolia kila ukigeuza usukani.

Laza mguu chini, juu ya kipande cha zulia. Vibana viwili vikae pande zinazotazamana kabisa, kila kimoja kikishika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Kaza kimoja mizunguko miwili, hamia cha pili mizunguko miwili, uendelee hivyo kwa zamu. Springi ikianza kupinda kama ndizi, upande mmoja umekwenda mbele. Simama, legeza, sawazisha. Tumia spana ya mkono. Bunduki ya upepo inaziharibu nyuzi za skrubu kwa joto na kasi, na unakuwa huna hisia ya kinachoendelea. Muda wote huu uso wako, na wa yeyote anayetazama, usiwe kwenye mstari wa ncha mbili za mguu. Watoto waingie ndani.

Umebana vya kutosha pale springi inapocheza kwa mkono kati ya vikombe viwili. Isipocheza, nati ya katikati haifunguliwi, hata kama imebaki kidogo. Ikishacheza, fungua nati huku umezuia ncha ya fimbo isizunguke. Kamwe usiikamate fimbo kwa plaizi pale inapopita kwenye sili. Mkwaruzo mmoja hapo unakata sili, na shokapu mpya itavuja kabla ya mvua zijazo.

Nimeona springi zikibanwa kwa minyororo, kwa kamba za kuvutia magari, hata kwa gari lenyewe kushushwa juu yake. Wanaofanya hivyo wanafanikiwa mara nyingi, ndiyo maana wanaendelea, na ndiyo maana kuna mafundi wenye vidole pungufu.

Shokapu mpya ikilala ghalani, hewa huingia mahali pa mafuta. Isimamishe wima, vuta fimbo mpaka juu, sukuma mpaka chini, kama mara tano, mpaka isiwe na mahali panapodidimia bure. Baada ya hapo isilazwe tena mpaka ifungwe.

Panga: bampa na dasti kava kwenye fimbo, springi, kikombe cha juu, beringi, mauntingi, nati mpya. Ncha ya chini ya springi iingie kabisa kwenye ngazi yake ndani ya kikombe, igote. Kaza nati, kisha achia vibana kwa zamu ile ile, ukiangalia springi ikikaa pande zote mbili kwenye alama zako. Ukiwa umeenda gereji, hivi ndivyo vitu vya kukagua kabla hujalipa: ngazi ya chini, alama ya nje, na dasti kava iliyovishwa. Dasti kava husahaulika kuliko kitu kingine chochote.

Kufunga

Ingiza mguu kutoka chini, skrubu tatu ziingie kwenye matundu yake, na zishikwe kwa nati za mkono tu. Lete nako kwenye sikio la shokapu, ukiinua kwa jeki kidogo kidogo mpaka matundu yakubaliane. Bolti ziingie kutoka upande ule ule zilikotokea. Picha zako zitakuambia. Sukuma nako ndani au nje mpaka ikae kwenye alama, ndipo ukaze. Shokapu mpya haina mstari wako wa tipeksi, kwa hiyo tumia ule uliobaki kwenye nako na ukubali kwamba ni makadirio tu; mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu, itamaliza. Rudisha linki, hozi, waya wa ABS.

Nguvu za kukaza kwa Corolla hii ni hizi, kwa nyutoni-mita: bolti za nako 153, nati tatu za juu 39, nati ya katikati 47, linki 74, nati za magurudumu 103.

Huna spana ya torki? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Pima sentimita 50 kutoka katikati ya nati kwenye mpini wako, funga mizani hapo, na uvute kwa pembe ya mraba dhidi ya mpini. Kwa bolti za nako, vuta mpaka mizani isome kilo 31. Linki ni kilo 15, nati za magurudumu kilo 21. Kwa zile ndogo tumia mpini mfupi, sentimita 25: nati tatu za juu kilo 16, nati ya katikati kilo 19. Kipimo hiki ni bora kuliko kukaza kwa hasira, ambako ndiko kunakokata skrubu za mauntingi.

Kabla ya kurudisha gurudumu, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, ukitazama hozi ya breki. Isijinyonge na isiguse springi. Hamia upande wa pili. Magurudumu yakirudi, shusha gari, kaza nati za magurudumu kwa msalaba, siyo kwa kuzunguka. Hakikisha nati za katikati zimekazwa kikamilifu na vifuniko vyake vimerudi.

Barabarani

Zunguka mtaani polepole kwanza, dirisha likiwa wazi na redio imezimwa. Usukani ukiwa umehama kidogo, usishtuke. Kwenye gari la namna hii shokapu si pambo la pembeni, ni sehemu ya mhimili unaogeuza gurudumu. Mfumo wenyewe ni wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford waliutia kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sababu hiyo ndiyo inayofanya alaimenti isiwe ya hiari hapa. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake, na umwambie mwenye mashine kwamba shokapu zimebadilishwa ili apime kulala kwa magurudumu pia, asiishie kunyoosha tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati za magurudumu.

Kama tairi zilikwisha liwa mabonde mabonde, zitaendelea kuvuma hata kwenye shokapu mpya. Zihamishie nyuma, sauti itapungua masikioni, lakini mabonde hayajazi.

Shokapu kuukuu usimpe mtu wa kuchomelea azikate ovyo, maana ndani mna mafuta na nyingine zina gesi iliyobanwa. Zinachukuliwa na wa chuma chakavu zikiwa nzima. Kuna wanaotoboa, kujaza mafuta mazito na kuziba kwa kulehemu, kisha kuziuza upya kama mtumba. Ukitaka yako isirudi sokoni hivyo, ikunje fimbo kwa nyundo kabla hujaitoa.

Wiki ya kwanza sikiliza. Mlio mpya wa kugonga juu, karibu na boneti, kila unapopita tuta: nati ya katikati au zile tatu hazijakaza. Mlio wa springi ukigeuza usukani: ncha haijagota kwenye ngazi, au kikombe cha juu kimegeuka. Ko-ko-ko ya changarawe imerudi vile vile: uliacha linki za zamani, au ni boljointi, kiungo kinachoshika nako kwenye mkono wa chini. Gari limekuwa gumu kuliko ulivyolizoea: hilo liache. Umekuwa ukiendesha bila shokapu muda mrefu kuliko ulivyodhani, na baada ya siku chache hutalisikia tena.